Msiba Usio na Matanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hali ya Moyo Baada ya Talaka

Mtu akifiwa na mwenzi wake, jamii yetu inajua la kufanya: turubai linafungwa, majirani wanaleta mchele na mkaa, ndugu wanalala kwenye mikeka mpaka matanga yaanuliwe, na mfiwa haachwi peke yake hata usiku mmoja. Mtu akiachika hakuna turubai wala mkeka. Anahamisha vitu vyake jioni ili majirani wasimwone, na kesho yake anatakiwa kazini kama kawaida. Sehemu kubwa ya ugumu unaoulizwa hapa chini inatokana na pengo hilo. Majibu yameandikwa kwanza kwa wasomaji wa Tanzania Bara, Zanzibar na pwani ya Kenya, na mambo ya sheria na dini yametajwa pale tu yanapougusa moyo.

Kwa nini naumia kama mtu aliyefiwa, ilhali mwenzangu yu hai?

Kwa sababu umefiwa na mambo mengi kwa mpigo, na mwenzi ni mojawapo tu. Umepoteza mtu uliyemzoea, nyumba, mpangilio wa siku, sehemu ya kipato, mashemeji na mawifi, na pengine kilichouma kuliko vyote ni ule uzee uliokwisha kuuchora kichwani. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio likiwa na alama kwa kadiri linavyomlazimu mtu kujipanga upya: kifo cha mwenzi kilipewa 100, talaka 73, kutengana 65, na kifo cha ndugu wa karibu 63. Orodha hiyo haiwezi kupima machozi ya mtu mmoja mmoja, lakini inatosha kumjibu yule anayekuambia kwamba unajiliza bure kwa kuwa hakuna aliyekufa.

Msiba wa kaburini una jambo moja la kusaidia, nalo ni kwamba marehemu harudi. Mtalaka wako unaweza kukutana naye kituo cha daladala akiwa amevaa shati ulilomnunulia wewe. Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss, aliyechunguza hasara za namna hii kwa miaka mingi, ameeleza kwamba hasara isiyo na mwisho ulio wazi ni ngumu kuizika, kwa maana moyo hupiga hatua mbele, kisha husikia sauti ileile kwenye simu ukarudi ulikotoka.

Ni mimi niliyeomba talaka. Mbona nalia?

Kuomba talaka hakumaanishi kwamba upendo ulikuwa umekwisha. Mara nyingi humaanisha kwamba nguvu za kuvumilia ndizo zilizokwisha. Watu wengi wanaoondoka huwa walianza kuomboleza wakiwa bado ndani ya ndoa, usiku mmoja baada ya mwingine, mwaka au miaka kabla ya kufungasha, na ndiyo maana kwa macho ya watu huonekana wamepoa upesi, huku aliyeachwa akidhani kwamba mwenzake hakuwahi kuumia. Kama kuna kosa mahususi ulilomtendea, liombe radhi kwa maneno machache bila kutarajia jibu. Ile hatia ya jumla, ya kwamba wewe ndiye uliyebomoa nyumba, haina radhi ya kuiombea, na huwa inapungua kadiri unavyokumbuka mambo yote yaliyotokea badala ya yale mazuri peke yake.

Nimesikia kwamba huzuni ina hatua tano. Niko hatua ya ngapi?

Hatua hizo, yaani kukana, hasira, kupatana bei na majaliwa, huzuni nzito na kukubali, zilielezwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabiliwa na vifo vyao wenyewe. Hazikutokana na watu waliopeana talaka, wala hazikuthibitika kuwa ngazi ambazo kila mtu hupanda kwa mpangilio. Maelezo yanayowafaa zaidi waliotengana ni yale ya Margaret Stroebe na Henk Schut ya mwaka 1999, ambao walisema kwamba mtu mwenye huzuni huyumba kati ya pande mbili: upande mmoja analia, anakumbuka na kutazama picha; upande wa pili anashughulikia kodi ya chumba, ada ya shule na mtungi wa gesi uliokwisha. Kuyumba huko ndiko kupona kwenyewe. Anayelia mfululizo bila kupumzika yumo mashakani, na anayejitosa kazini usiku na mchana ili asilie hata mara moja naye yumo mashakani, ingawa huyu wa pili husifiwa kuwa ni jasiri.

Itachukua muda gani?

Hakuna tarehe. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mwaka wa kwanza una mitego yake ya kalenda: Idi au Krismasi ya kwanza, Januari ya kwanza ya kununua sare na madaftari bila mwenzako, siku mliyofunga ndoa, na harusi ya kwanza utakayoalikwa ukiwa peke yako. Siku hizo zijue mapema na uzipangie mahali pa kuwa na mtu wa kuwa naye. Ukiona miezi sita imepita kisha simanzi ikakurudia kwa nguvu ile ya siku ya kwanza, usidhani kwamba umerudi mwanzo. Mara nyingi ni siku moja mbaya katikati ya mwendo ulio sawa.

Je, eda ina faida yoyote kwa moyo, au ni hukumu ya sheria tu?

Kwa Muislamu eda, yaani muda anaokaa mwanamke aliyeachwa kabla ya kuweza kuolewa tena, ni amri kwanza, na hekima zake zinafuata. Mwanamke aliyeachwa ambaye anapata hedhi hukaa muda wa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi na hedhi, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu. Aliyekoma hedhi hukaa miezi mitatu, na mjamzito hukaa mpaka ajifungue. Talaka ikiwa ni rejea, mwanamke ana haki ya kubaki katika nyumba na kutunzwa mpaka eda iishe, na katika muda huo mume anaweza kumrejea bila ndoa mpya. Sura ya Talaka, aya ya kwanza, inakataza waziwazi kuwatoa wanawake majumbani mwao wakati huo, isipokuwa wakifanya uchafu ulio dhahiri. Ni jambo la kusikitisha kwamba mara nyingi mwanamke hufungashiwa virago siku ileile, akarudi kwao na mkoba mmoja, na kile kipindi ambacho dini ilikiweka ili watu wapoe na kufikiri kikageuka kuwa kipindi cha kutafuta pa kulala.

Ukiitazama kwa jicho la unasihi, yaani ushauri nasaha, eda ni mojawapo ya desturi chache tulizo nazo zinazoipa talaka mwanzo na mwisho. Hata asiye Muislamu anaweza kuazima kitu humo: ajiwekee muda unaojulikana, tuseme miezi mitatu, ambao ndani yake hataamua jambo kubwa, hatauza kiwanja, hatahama mji, wala hataingia katika mapenzi mapya, na ambao jamaa zake wataujua kuwa ni muda wake wa kuomboleza. Vilevile Qurani, katika Sura ya Baqara aya ya 241, inaagiza aliyeachwa apewe kitu cha kumliwaza. Fedha hiyo, hata iwe ndogo, huwa na uzito mkubwa kuliko kiasi chake, kwa sababu humwambia mtu kwamba miaka yake imeonekana.

Mimi ni Mkatoliki. Tangu tuachane sijakanyaga jumuiya wala sipokei Komunyo. Nifanyeje?

Hapa kuna maumivu mengi yanayotokana na kutojua tu. Kanisa Katoliki halitambui kwamba talaka ya mahakama inavunja ndoa ya sakramenti, lakini mtu aliyetalikiwa ambaye hajaoa wala kuolewa tena, wala haishi kinyumba na mtu mwingine, hazuiliwi kupokea Komunyo kwa sababu ya talaka hiyo peke yake. Wako watu waliokaa miaka kwenye benchi la nyuma wakiamini kwamba wametengwa, ilhali hakuna aliyewatenga. Kama una sababu za kuamini kwamba ndoa haikuwa halali tangu mwanzo, kwa mfano ulilazimishwa, Mahakama ya Kanisa ya jimbo inaweza kuchunguza ubatili wake. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu huo kwa kuondoa sharti la hukumu ya pili ya kuthibitisha ile ya kwanza. Muone paroko faraghani. Kuhusu jumuiya, si lazima uanze kwa kurudi siku ya sala iliyopangwa nyumbani kwa mtu anayependa kuuliza maswali. Anza na nyumba ambayo unajua utapewa kiti na chai bila kuhojiwa.

Hatukufunga ndoa, tuliishi tu pamoja miaka tisa. Watu wanasema sina cha kulilia.

Miaka tisa ya kula sahani moja haifutwi na kukosekana kwa cheti. Wale walioanza kwa "sogea tukae" mara nyingi huumia mara mbili, kwa kuwa hawakupewa sherehe walipoanza na hawapewi pole walipomaliza. Sheria yenyewe haina ukali wa majirani: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya watambuliwe kama mume na mke, patakuwa na dhana ya kwamba walioana, na hata dhana hiyo ikipingwa mahakamani, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Liombolezee jambo hili kwa ukubwa wa maisha mliyoishi.

Watu walichangia harusi yetu. Naona aibu kukutana nao.

Hili ndilo swali ambalo vitabu vingi vya ng'ambo havina jibu lake, kwa sababu huko harusi haina kamati. Kwetu mwenyekiti alipatikana, mweka hazina akapatikana, kadi za michango zikasambazwa kazini na kanisani, watu mia mbili wakatoa, na sasa kila mmoja wao anaonekana kama mtu anayekudai radhi. Ukweli ni kwamba walichangia siku ya furaha, nayo ilikuwapo, wakala na kucheza. Hawakununua hisa katika ndoa yako. Wengi wao wamekwisha kuzisahau fedha hizo kwa sababu wewe nawe uliwachangia.

Kinachosaidia ni kuandaa sentensi moja na kuitumia ileile kwa kila mtu: "Mimi na mwenzangu tumeachana, watoto hawajambo, na mengine tutazungumza siku nyingine." Itamke kwa sauti nyumbani kwanza, kwa kuwa mara ya kwanza sauti hukatika. Anayechimba zaidi mjibu kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, kisha mbadilishie habari. Mtu mmoja au wawili tu ndio wapewe hadithi nzima, nao wachaguliwe kwa uwezo wao wa kunyamaza. Udugu na ukaribu si kigezo: dada anayekupenda sana lakini hana kifua atakuweka katika midomo ya mtaa mzima kabla ya magharibi. Na vijembe, viwe vya kwenye kanga au kwenye simu, viachie hapohapo vilipo. Kanga ya kujibu itakugharimu fedha na amani.

Baraza la usuluhishi linanitaka nieleze kila kitu upya. Naweza kulikwepa?

Kwa kawaida huwezi. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka shauri lipite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla ya kuombwa talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, kama vile mwenzi aliyekutoroka na hajulikani alipo. Unachoweza kufanya ni kuandika matukio makuu kwenye karatasi moja pamoja na tarehe zake, ukaisoma badala ya kuanza kukumbuka mbele ya watu, na kuomba usindikizwe na mtu ambaye atakaa nje akusubiri. Usipange kurudi kazini siku hiyo.

Silali, sili. Nitajuaje kama ni huzuni ya kawaida au ni ugonjwa?

Kukosa usingizi na hamu ya kula katika majuma ya mwanzo ni jambo la kutarajiwa. Amka saa ileile kila siku hata kama ulilala saa tisa usiku, toka nje upate jua la asubuhi, kula kidogo kwa saa zinazojulikana hata kama ni uji tu, na usikae kitandani mchana ukiwa na simu. Pombe huleta usingizi wa saa mbili kisha humwamsha mtu alfajiri akiwa na mawazo makali zaidi, na vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila kuandikiwa na daktari vina hatari ya kuzoeleka.

Sonona ni jambo jingine. Ikiwa kwa muda wa majuma mawili au zaidi, karibu kila siku na kwa sehemu kubwa ya siku, umejaa huzuni au hakuna kitu chochote kinachokupa raha, na pamoja na hayo huna nguvu, huwezi kufikiri sawasawa, unajiona huna thamani au unatamani usingeamka, nenda kituo cha afya ueleze hivyohivyo. Usiseme una malaria au "kichwa kinauma tu", kwa kuwa utapewa dawa ya kichwa. Sonona inatibika kwa mazungumzo na mwanasaikolojia au mnasihi, na kwa baadhi ya watu kwa dawa, ambazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu yake kamili, na kwa hiyo hazipaswi kuachwa siku ya tano kwa kuonekana hazifanyi kazi. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri majuma mawili: mwambie mtu aliye karibu leo hii, usibaki peke yako, na nendeni pamoja hospitali iliyo karibu, huku ndugu wakiondoa nyumbani vitu vya hatari.

Kila usiku naangalia status zake. Nitaachaje?

Ufanye uangaliaji uwe mgumu, maana azma peke yake huisha saa nne usiku. Kama hamna watoto, mzuie au ufute namba. Kama mnao, nyamazisha status zake na ubadilishe jina ulilomhifadhia, kwa kuwa simu inayoita na kuandika "Mume Wangu" au "Mpenzi" inakuchoma kila inapoita. "Baba Watoto" linatosha. Ondoka taratibu katika makundi ya ukoo wake ambayo yapo kwa ajili ya vikao na picha, ukiaga kwa sentensi moja ya heshima. Na usimtume rafiki akuangalizie; hiyo ni njia ileile iliyopitia uchochoroni.

Watoto tuwaambie nini, na lini?

Waambieni kabla ya mmoja wenu kuhama, si baada ya hapo, na ikiwezekana mkae nao nyote wawili. Maneno yawe machache na yanayofanana: baba na mama hawataishi tena nyumba moja, si kwa sababu ya jambo lolote mlilofanya ninyi, mtalala hapa, shule ni ileile, na baba mtamwona siku fulani. Mtoto anataka kujua nani atampeleka shule Jumatatu kuliko anavyotaka kujua nani alimkosea nani. Maneno kwamba "baba amesafiri" huonekana ya huruma, lakini mtoto atakaa miaka akimsubiri msafiri, kisha atajua ukweli kutoka kwa mtoto wa jirani.

Mtoto mdogo anaweza kurudi nyuma: aliyeacha kukojoa kitandani akaanza tena, aliyelala peke yake akang'ang'ania kulala na mama. Wa shule ya msingi huanza kujilaumu kimyakimya, wakati mwingine kwa mantiki ya ajabu, kama yule anayeamini kwamba wazazi waligombana kwa sababu alipoteza kalamu. Kijana wa sekondari huchagua upande, au huacha kuongea kabisa na kukaa kwa rafiki. Yote haya hupungua kadiri siku zinavyopata mpangilio na ugomvi unavyokwisha masikioni mwao, kwa maana ugomvi unaoendelea baada ya talaka huwaumiza watoto sana, na pengine kuliko talaka yenyewe. Mwambie mwalimu wa darasa. Usimfanye mtoto tarishi wa kudai ada, wala mpelelezi wa kukuletea habari za mama mpya, wala mume mdogo wa nyumba kwa kumwambia kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa humu ndani. Ana miaka kumi.

Kuhusu nani akae na watoto, Sheria ya Ndoa kwa Tanzania Bara ina dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama, ila dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi, na kinachotangulizwa ni ustawi wa mtoto. Ofisi za ustawi wa jamii za halmashauri husaidia wazazi kukubaliana juu ya matunzo na siku za kuonana bila kufika mahakamani. Mtoto mwenyewe, au mtu anayemhofia, anaweza kupiga bure namba 116 akiwa Tanzania au Kenya.

Nawezaje kuzungumza na mzazi mwenzangu bila kuchafukwa?

Lugha yetu imetoa neno zuri, mzazi mwenzangu, nalo linaonyesha mpaka wa uhusiano uliobaki. Zungumzeni mambo ya watoto tu, kwa ujumbe wa maandishi inapowezekana, na kila ujumbe uwe na jambo moja. Matunzo yatumwe kwa simu tarehe inayojulikana, ili kusiwe na haja ya kuombana, na anayepokea ajibu "zimefika, asante" bila kuongeza kwamba hazitoshi. Hilo la kutotosha lina siku yake na mahali pake. Ukihisi moto unapanda, andika ujumbe wote unaotaka kuandika, usiutume, ulale nao.

Mimi ni mwanamume. Kwa nini hakuna anayeniuliza hali yangu?

Kwa sababu umelelewa, na waliokuzunguka wamelelewa, kuamini kwamba mwanamume aliyeachana na mke ana nafasi tu ya kuoa mwingine. Ndugu wanakutafutia mchumba ndani ya mwezi mmoja, marafiki wanakununulia bia, na wote wanakwepa kukuuliza unalalaje katika nyumba ambayo kelele za watoto zimetoweka. Wanaume wengi walimfanya mke kuwa msiri wao pekee, kwa hiyo wanapompoteza wanapoteza pia mtu wa kumweleza kwamba wamempoteza. Mtafute mwanamume mmoja aliyepitia hili, mzee wa baraza, kaka au mfanyakazi mwenzako, uzungumze naye mchana mkiwa na kahawa. Jifunze kupika vyakula vitatu. Si jambo dogo, maana anayekula kwa mama ntilie asubuhi na jioni hana sababu ya kurudi nyumbani. Na siku zako za kuwa na watoto usizikose hata ukiwa huna fedha: mtoto anakumbuka kwamba ulikuja.

Alikuwa ananipiga. Mbona namkumbuka?

Kumkumbuka hakubatilishi kipigo, wala kipigo hakibatilishi kwamba kulikuwa na siku njema. Watu waliotoka katika ukatili huhisi nafuu na kiu kwa wakati mmoja, na kiu hiyo hupanda hasa anapoleta radhi, zawadi na wazee. Jua pia kwamba kipindi cha kuondoka na majuma yanayofuata ndicho chenye hatari kubwa, kwa hiyo usikutane naye peke yako "kuchukua vitu", na usimwambie unapoishi. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 huhitajika ili majeraha yaandikwe na daktari kama ushahidi. Kenya kuna namba 1195 ya bure. Ile methali ya kwamba ndoa ni kuvumilia, uliyoisikia kwa kungwi au kwenye kicheni pati, haikutungwa kwa ajili ya mbavu zilizovunjika, na mtu mzima anayekuambia urudi ukavumilie muulize kama yeye angelala katika nyumba hiyo.

Mama mkwe wangu wa zamani amefariki. Niende msibani?

Nenda, kama mliheshimiana. Umempoteza mama, na talaka haikuivunja ile miaka aliyokufundisha kupika au aliyokulelea watoto. Mtangulizie taarifa wifi au shemeji mmoja, fika na mtu wako, vaa kwa staha, toa rambirambi, kaa na wanawake au wanaume wa kawaida badala ya kwenda mstari wa mbele, na uondoke kabla ya vikao vya ukoo. Kama mtalaka wako ana mwenzi mpya, msalimie kwanza wewe. Macho yote yanasubiri jambo hilo, na likishapita watu watarudi kwenye msiba. Ikiwa mliachana kwa ukatili au umeambiwa wazi usikanyage, tuma rambirambi kwa mkono wa mtoto mkubwa.

Nimepoteza miaka ishirini bure?

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Hukumu hiyo husomwa kama habari ya mali, lakini waliowahi kuisoma wakiwa wametoka kutalikiwa hukuta ndani yake jambo la moyo: kwamba kupika, kufua, kulea na kulinda nyumba ni kazi iliyofanyika na yenye thamani hata baada ya nyumba kuvunjika. Ujuzi uliopata katika miaka hiyo umebaki nawe, na watoto ni wako kama walivyo wa mwenzako. Hata jina unaloitwa mtaani, Mama Fulani au Baba Fulani, halikutoka kwenye cheti cha ndoa, na hakuna mahakama inayolifuta.

Lini nianze uhusiano mpya, na vipi kama anataka turudiane?

Kipimo kizuri ni kama unaweza kusimulia ndoa iliyokwisha kwa dakika tano bila kupandisha sauti na bila kumfanya mmoja malaika na mwingine shetani. Kabla ya hapo mgeni atatumiwa kuziba pengo, naye atalijua. Kuhusu kurudiana, uliza kilichobadilika ambacho kinaweza kuonekana kwa macho: ameacha pombe tangu lini, deni limelipwa, amekwenda kwa mnasihi mara ngapi. Upweke wa Jumapili jioni ni kitu cha kweli, lakini haumo katika orodha hiyo.

Nifanye nini na picha za harusi, pete, na kanga alizoninunulia?

Usichome kitu katika mwezi wa kwanza. Zifunge katika boksi, uzipeleke kwa dada au rafiki mwenye nafasi, na umwambie asikurudishie mpaka uombe mwenyewe. Pete ni mali yako, waweza kuiuza ukihitaji fedha, na wapo waliolipia kodi ya chumba chao cha kwanza kwa njia hiyo. Kanga ni nguo: zilizo nzuri vaa, zenye maneno yanayokuchoma mpe mtu wa mbali. Picha zibaki. Miaka kumi na tano ijayo binti yako atataka kujua mama yake alivaa nini siku hiyo, na atataka kuona pia jinsi baba yake alivyokuwa akicheka.